Mtoto wa Chupa Hana Sahani ya Pili

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi, wazazi, na nyinyi vijana wa maabara mliojazana kule nyuma: itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika 30 na mshika saa ameshanikazia macho, kwa hiyo salamu nitazimalizia nje.

Kila ninapotaja kazi ninayofanya, yaani kutengeneza maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa protini ya mimea, huulizwa swali moja: "Mmea gani una protini nyingi kuliko yote?" Wanafunzi huuliza, wenye mitaji huuliza, hata madaktari. Swali hilo lingemfaa mtu anayenenepesha mifugo. Kwa mtoto mchanga limekosea mlango.

Kwanza niweke wazi niliposimama. Maziwa ya mama hayana mshindani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe bila kupewa kingine chochote kwa miezi 6 ya mwanzo, na tangu mwaka 1981 ipo Kanuni ya Kimataifa inayodhibiti namna ya kuuza vyakula vinavyowekwa mahali pa maziwa hayo. Sikuja kumnong'oneza mama anayenyonyesha kwamba aache. Nawazungumzia watoto ambao, kwa sababu moja au nyingine, wamebakiwa na chupa. Na miongoni mwao, wale ambao maziwa ya ng'ombe hayawafai au wazazi wao hawayataki.

Sasa mtazameni mtoto huyo. Mtu mzima akikosa kitu kwenye mlo wa asubuhi, atakipata mchana bila hata kujua kwamba alikikosa. Sahani moja huziba pengo la nyingine. Mtoto wa chupa hana sahani ya pili. Anakunywa kitu kile kile mara 6 au 8 kwa siku, siku zote za wiki, na wakati huo huo anakua kwa kasi ambayo hataiona tena maishani: kwa kawaida, akifika miezi 5 hivi, uzito aliozaliwa nao umeshakuwa maradufu. Kosa dogo lililoingia kwenye kopo atalinywa zaidi ya mara elfu moja kabla hajaonja kijiko chake cha kwanza cha chakula kingine.

Wala wingi haumsaidii. Maziwa ya mama yaliyokomaa yana protini kama gramu 1 tu katika mililita 100. Ya ng'ombe yana zaidi ya gramu 3, kwa sababu ndama ana haraka zake. Protini ikizidi, mabaki yake lazima yatolewe na figo ambazo bado ni changa. Tena kuna jaribio lililofanyika katika nchi 5 za Ulaya, matokeo yake ya kwanza yakatolewa mwaka 2009: watoto waliopewa maziwa ya kopo yenye protini nyingi walikuwa wazito kuliko wenzao walipofikisha miaka 2, na tofauti hiyo iliwafuata hadi umri wa kwenda shule. Kwa hiyo protini ya mtoto hupimwa kwa kubana. Na kitu kikishabanwa, kila chembe yake inatakiwa ifanye kazi.

Historia ya maziwa haya ya mimea inaweza kusomwa kwa namna mbili. Wengi huisoma kama orodha ya sumu: soya ina hiki, soya ina kile. Mimi naisoma kama orodha ya vilivyokosekana, kwa sababu nikiwahesabu watoto walioumia kweli, naona waliumizwa na kisichokuwemo.

Mwaka 1909 daktari wa watoto wa Baltimore, John Ruhräh, aliandika kuhusu kuwalisha watoto soya. Bidhaa za mwanzo zilitumia unga wa soya mzima mzima, na aliyewahi kufua nepi za mtoto wa zama zile angewaambia habari zake: choo laini, harufu kali, madoa yasiyotoka. Watu walidhani hilo ndilo tatizo la soya. Kumbe tatizo lenyewe lilikuwa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 madaktari wakaanza kuandika kuhusu watoto wa soya waliovimba tezi ya shingo, ile goita. Maziwa ya ng'ombe huja na iodini yake, ya soya hayakuwa nayo ya kutosha, na soya yenyewe huongeza mahitaji ya tezi hiyo. Iodini ikaongezwa, goita ikatoweka. Hadi leo mtoto aliyezaliwa na tezi dhaifu akipewa soya, daktari hulazimika kuangalia upya kipimo cha dawa yake.

Katikati ya miaka ya 1960 unga ukapisha protini iliyotengwa, safi zaidi, na nepi zikapumua. Usafi huo una bei yake: ukisafisha, unaondoa na vile ulivyovihitaji. Mwaka 1978 mtengenezaji mmoja wa Marekani aliacha kuongeza chumvi kwenye maziwa yake ya soya. Nia haikuwa mbaya, enzi hizo watu walikuwa wanaogopa chumvi kwenye chakula cha watoto. Lakini chumvi ndiyo iliyokuwa inaleta kloridi. Mwaka 1979 watoto wakaanza kufikishwa hospitali hawataki kula, hawaongezeki uzito, damu yao imeelemea upande wa alikali, yaani kinyume cha asidi. Walikuwa zaidi ya 100. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria maalumu ya maziwa ya watoto, ile ya 1980, inayotaja virutubisho kimoja kimoja na viwango vyake.

Mngedhani somo limeeleweka. Mwaka 2003, Israeli, watoto wakaletwa wakitapika, macho yanayumba, wengine wanapata degedege. Wote walikuwa wanakunywa maziwa ya soya ya aina moja yaliyotengenezwa Ujerumani. Hayakuwa na thiamini, yaani vitamini B1, ingawa lebo iliitaja. Baadhi walifariki. Waliopona hawakupona wote kikamilifu, na hata miongoni mwa wale walioonekana wazima, watafiti waliowapima miaka kadhaa baadaye waliwakuta wengi wana shida ya lugha. Nawaomba vijana msilisikie hili kama hadithi ya zamani. Maabara zilikuwepo, mashine zilikuwepo, sheria zilikuwepo.

Iodini, kloridi, thiamini. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho ni protini. Ndiyo maana nasema anayeuliza mmea wenye protini nyingi amekosea mlango: ukibadilisha protini, umeshusha abiria wote waliokuwa wamepanda nayo, na ukapakia wengine usiowajua.

Tuje kwenye protini yenyewe, maana nayo ina ujanja wake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ninapapenda.

Protini iliyoandikwa kwenye lebo, kwa kawaida, hakuna aliyeiona. Kilichopimwa ni naitrojeni. Mbinu hiyo tumerithi kwa Johan Kjeldahl, mkemia wa Denmark aliyekuwa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, aliyeitangaza mwaka 1883. Unachemsha sampuli katika asidi, unapata naitrojeni, unazidisha kwa 6.25, unaandika "protini". Hesabu hiyo inachukulia kwamba asilimia 16 ya protini ni naitrojeni. Protini nyingine zinakubali, nyingine hazikubali. Ya soya, ukiipigia hesabu kwa asidi amino zake, yaani vipande vinavyoijenga protini, inataka uzidishe kwa 5.71 hivi. Maana yake, gramu 100 za protini ya soya kwenye karatasi ni kama gramu 91 mdomoni mwa mtoto. Hakuna aliyedanganya, ni kanuni ya uandishi tu, lakini tumbo halisomi kanuni.

Na wapo wanaodanganya. Mwaka 2008 huko China wafanyabiashara walitia maji kwenye maziwa ya ng'ombe, kisha wakaongeza melamini ili kipimo kisionyeshe upungufu. Melamini ni malighafi ya plastiki, na theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Kipimo cha Kjeldahl kikaona "protini". Watoto karibu laki 3 waliugua, figo zikajaa mawe, 6 wakafa. Hayo hayakuwa maziwa ya mimea, najua. Nayataja kwa sababu protini za mimea husafiri kama unga katika magunia, hupita mikono mingi, na hununuliwa kwa bei inayopangwa na hiyo hiyo asilimia ya naitrojeni. Anayenunua kwa naitrojeni atauziwa naitrojeni.

Mtoto anataka asidi amino, zile 9 ambazo mwili hauwezi kuziunda na nyingine chache ambazo mwili mchanga bado haujamudu kuziunda za kutosha, na anazitaka zote kwa pamoja. Moja ikipungua, zilizobaki hazijengi, zinachomwa kama kuni. Kipimo chetu ni maziwa ya mama. Jamii ya kunde, yaani soya, njegere, dengu na wenzao, ina lisini ya kutosha, mojawapo ya hizo 9, lakini ni bahili wa nyingine, metionini. Nafaka ni kinyume chake. Kila mwanafunzi akifika hapo hung'aa macho: basi tuchanganye! Ndiyo, changanya, utapunguza pengo. Hutalifunga, kwa sababu mchanganyiko unaomtosha mtoto wa miaka mitano haumtoshi wa wiki tano. Pengo linalobaki tunalifunga kwa kuongeza asidi amino yenyewe: metionini kwenye soya, lisini, treonini na triptofani kwenye mchele. Metionini ikiwa peke yake ina harufu ya kabichi iliyosahaulika jikoni, na hilo nalo ni tatizo la kitaalamu, msicheke.

Viwango vya Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, vinakiri pengo hilo waziwazi. Maziwa ya kopo ya ng'ombe yanaruhusiwa kuanzia gramu 1.8 za protini kwa kila kilokalori 100, ambazo ni kama mililita 150 za maziwa yaliyokwisha kukorogwa. Ya soya yanaanzia 2.25. Huo ni wingi wa kufidia ubora. Tena mtoto anahitaji kanitini ili achome mafuta, na mimea karibu haina kanitini kabisa. Mtu mzima hujitengenezea, mchanga hawezi vya kutosha. Basi nayo inaongezwa.

Kiwandani kazi ni kuvutana na moto. Mbegu inakamuliwa mafuta, protini inayeyushwa kwenye maji yenye alikali kidogo, kisha unatia asidi mpaka pH, kipimo cha uchachu, ifike 4.5 hivi, protini inaganda na kuzama, unaiosha, unaikausha. Iliyo bora ina protini asilimia 90 au zaidi. Lakini mbegu si mjinga. Ameweka ndani yake vizuizi vinavyozuia tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini, ili anayemla asimfaidi, na vizuizi hivyo hufa kwa joto. Usipopasha vya kutosha, protini itapita tumboni bila kusagwa vizuri. Ukipitiliza, lisini inashikana na sukari na mtoto haipati tena, au ikiwa alikali ilikuwa kali, zinaundwa asidi amino za ajabu ambazo mwili hauzitambui. Kati ya pande hizo mbili kuna njia nyembamba, na kila mzigo mpya wa mbegu unaisogeza kidogo.

Fitati haifi kwa moto. Ndiyo ghala la fosforasi la mbegu, na hung'ang'ania zinki, chuma na kalisi mpaka mwisho wa utumbo. Sheria za Ulaya kwa sababu hiyo zinataka kiwango cha chini cha chuma na zinki katika maziwa ya soya kiwe juu zaidi. Wapo wanaotumia kimeng'enya cha kuivunja fitati kabla protini haijakaushwa, na mimi ni mmoja wa mashabiki wao, kwa sababu kuongeza madini juu ya fitati ni kama kujaza maji kwenye ndoo uliyokwisha kuiona inavuja.

Mtaniuliza kuhusu njegere. Sifa zake ni kweli: hazina zile isoflavoni nyingi za soya, nitakazozieleza punde. Ila metionini na sisteini ni haba, ladha ya ubichi haiondoki kirahisi, na unga wake hupenda kutua chini ya chupa, kwa hiyo nusu ya mwisho ya mlo hailingani na nusu ya kwanza. Viazi vina protini nzuri ajabu kwa asidi amino, lakini ni kiduchu, na solanini, sumu ya viazi vyenyewe, lazima itolewe yote. Zaidi ya hayo, Ulaya protini zinazokubalika kwa maziwa ya kawaida ya watoto ni za ng'ombe, za mbuzi, soya iliyotengwa, na zile zilizokatwakatwa kwa vimeng'enya zikapita tathmini. Anayeleta mmea mwingine anaanza kuthibitisha kutoka sifuri. Wengine huona ni urasimu. Mimi nimeshawasimulia ya 2003.

Isoflavoni nitazipitia haraka, ingawa ndizo watu wanazoziogopa kuliko vyote. Zinafanana kiasi na homoni ya kike, na mtoto wa soya hupata nyingi kwa uzito wake kuliko mtu mzima yeyote anayekula soya. Hilo ni kweli na halifai kufichwa. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliowafuata watu wazima 811 walioshiriki utotoni katika majaribio ya maziwa, wengine ya soya, wengine ya ng'ombe. Tofauti zilikuwa chache: wanawake wa soya walikuwa na siku za hedhi ndefu kidogo na maumivu zaidi kidogo. Mwaka 2010 jopo la wataalamu wa sumu la Marekani lilisema wasiwasi uliopo ni mdogo sana, bila kusema haupo. Mimi naona hiyo ni sentensi ya watu waungwana, na ningependa wazazi wapewe hivyo hivyo ilivyo, isiongezwe chumvi wala isipunguzwe.

Je, maziwa haya yanamfaa nani? Mtoto mwenye galaktosemia, ambaye hawezi kabisa kutumia sukari ya maziwa, huyo soya ni mkombozi wake. Familia isiyokula chochote cha mnyama. Mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe anataka uangalifu: asilimia 10 hadi 14 ya watoto wenye mzio huo wa haraka huikataa na soya pia, na madaktari wa Ulaya hawaifanyi soya kuwa chaguo la kwanza kwa tatizo hilo. Hapo ndipo protini ya mchele iliyokatwakatwa ilipojipatia heshima, hasa Ufaransa, Italia na Hispania, mradi aseniki, sumu inayopatikana kwenye mchele, inapimwa kila mzigo. Mtoto njiti hapewi soya. Mifupa yake inataka kalisi na fosforasi ambazo fitati haiziachii.

Na kile kinywaji cha lozi au mchele kinachouzwa kwenye boksi, kimeandikwa "maziwa"? Hicho si maziwa ya mtoto. Madaktari wameandika kuhusu watoto waliolelewa kwa vinywaji vya mchele wakapata kwashakoo, na wa lozi wakapata kiseyeye, katika nchi zenye maduka yaliyojaa. Nikiwa na sauti ya kupaza leo, naipaza hapo.

Mwisho wa majaribio yote ni mtoto mwenyewe. Panya atakuambia kama protini inajenga. Lakini maziwa mapya lazima yanywewe na watoto halisi, wa wazazi walioelezwa na kukubali, kwa miezi 3 au zaidi. Marekani inataka angalau wiki 15, kuanzia mtoto akiwa hajavuka siku 14. Tunachotafuta ni kitu kidogo: wastani wa kuongezeka uzito ukitofautiana kwa zaidi ya gramu 3 kwa siku kati ya makundi mawili, hiyo inahesabiwa kuwa tofauti ya maana. Gramu 3! Chini ya kijiko kimoja cha chai cha sukari. Na jaribio hilo linaona ukuaji tu. Thiamini ikikosekana kwenye mzigo wa mwakani, halitakuonya.

Kwa hiyo kijana akiniletea wazo la mmea mpya, simwulizi asilimia ya protini. Namwomba jedwali: kila kirutubisho kinachotajwa kwenye kiwango, kimetoka wapi, kilipimwa kiasi gani kwenye malighafi, kiasi gani baada ya moto, kiasi gani siku kopo linapofikia mwisho wa muda wake. Binti mmoja aliniletea lake mwaka jana, limejaa vizuri, isipokuwa mstari wa seleni, mojawapo ya madini, ulikuwa mtupu. Nikamwuliza. Akasema soya ina seleni, ameisoma kwenye kitabu cha vyakula. Nikamwambia mmea hunywa seleni iliyomo kwenye udongo wake. Kitabu kile kilipima soya ya shamba gani?

Akaondoka amenuna. Baada ya wiki 3 akarudi na namba mbili, za mizigo miwili aliyoinunua kwa mwuzaji mmoja, na hazikukaribiana hata kidogo. Jedwali lake hadi leo halijajaa. Amekaa pale safu ya nyuma, amevaa kitambaa cha kijani. Mwenye swali la seleni amwulize yeye.